Kete za Mjomba Jilo na Majina ya Dada Hawa

Enzi zetu sisi tuliokulia kando ya Tana, kete ya sataranji haikuja na jina lake kutoka dukani. Ilikuja uchi kama mtoto mchanga, na jina tukalitafuta wenyewe. Nikiwaambia hivyo wajukuu wananitazama kama mtu aliyechanganyikiwa na jua. Sataranji yao iko ndani ya simu. Wanasugua kioo kwa kidole, wakishindwa wanazima, wakishinda hawana hata mtu wa kumcheka. Lakini wewe wa rika langu, uliyekalia mchanga wa moto wa Garsen miaka ile ya hamsini ukisubiri feri ivushe lori, utanielewa bila shida. Na kama ulilelewa pamoja na ndugu aliyekuzidi kwa kila kitu, utanielewa zaidi.

Mimi nililelewa pamoja na dada Hawa.

Hawa alikuwa mtoto wa mama mkubwa. Mama yake aliolewa kule Bangale kwa mfanyabiashara wa mifugo, na kwa kuwa Bangale ya siku zile haikuwa na shule, alikabidhiwa kwetu asome. Alinitangulia kuzaliwa kwa miezi tu, lakini miezi hiyo aliitumia vizuri. Tukicheza mdako, kokoto zilimtii yeye. Tukicheza kibe, mimi ndiye niliyeonekana kwanza kwa sababu ya kikohozi changu. Shuleni tuliandika kwenye vibao vya mawe, ukikosea unatema mate na kufuta kwa kiwiko; kibao cha Hawa kilikuwa kisafi hata saa za kwenda nyumbani, changu kilinuka mate tangu asubuhi. Hata wanawake wa Kiorma waliotuletea maziwa kwenye vibuyu, yale maziwa yenye harufu ya moshi ambayo siku hizi huyapati popote, walimpimia yeye mpaka yakamwagika, na mimi wananijazia nusu wakiendelea na mazungumzo yao. Nilimwonea wivu. Sitaki unafiki hapa, wala sikuja kuomba msamaha. Nilimwonea wivu wa kula nao na kulala nao, na mama akiniona nimenuna alikuwa akisema, "Wewe Zena, huo uso ukigandishwa hivyo utaolewa nao." Nikaolewa nao.

Sasa, sataranji iliingiaje Garsen? Ililetwa na mjomba Jilo, kaka yao mama zetu. Mjomba alikuwa mpishi Kipini, kwenye nyumba ya mzee mmoja mwenye mali. Kila baada ya alasiri wazee wa mtaa walikusanyika barazani kwa yule mzee kucheza sataranji, na mjomba akipita na birika la kahawa alikuwa akichelewa makusudi nyuma ya migongo yao. Akajifunza mchezo wote kwa njia hiyo, kikombe mkononi. Alipoacha kazi yule mzee alimpa kete kuukuu zilizokuwa zimetupwa kabatini. Zilikuwa pungufu. Nyingine zilikuwa zimepotea, nyingine zimeliwa na mchwa. Shaha alikuwapo, waziri alikuwapo, farasi wote wazima, vitunda, wale askari wadogo wa mbele, wa kutosha. Ndovu hata mmoja hakuna, na ngome zilikuwa nusu.

Watu walimwambia achonge ndovu wapya. Mjomba akakataa. Alisema, "Mimi ndovu namjua kwa nyuma tu, akiondoka shambani kwangu na mahindi yangu. Nitachonga makalio?" Akaamua kuchonga anachokijua, na akakipa kila kimoja mwendo wake mwenyewe. Ubao nao aliutoa kwenye mtumbwi uliopasuka. Ulikuwa mpana kuliko ubao wa Kipini, kwa hiyo nyumba za kuchezea zikazidi kila upande, akazichora kwa kisu na kuzichoma moja moja kwa msumari wa moto. Basi ikawa si sataranji ya Kipini tena. Ikawa sataranji ya kwetu, na kete zake ngeni hazikuwa na jina.

Kuhusu majina mjomba alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Kete mpya ikishakauka mafuta, aliichukua hadi kwenye banda la makuti pale kivukoni, ambapo abiria walisubiri feri. Aliwaeleza waliokuwapo jinsi inavyotembea, basi. Sisi wawili, Hawa na mimi, kila mmoja aliruhusiwa kutaja jina lake mara moja kwa sauti, kisha tukae kimya. Abiria walicheza kwa zamu, huyu anasubiri lori, huyu anavusha mbuzi, huyu ametoka Kulesa na ndizi zake. Jioni mjomba alitangaza jina lililokuwa likiwatoka watu mdomoni bila kukumbushwa. Tukibisha alisema, "Mimi sichagui. Wanachagua wenye haraka zao."

Kete ya kwanza ilikuwa ya kuruka. Iliruka nyumba moja na kutua ya pili, mbele, nyuma, mshazari, popote. Mimi nilikesha nikiitafutia jina. Kiswahili changu kilikuwa kizuri, ujue. Bibi mzaa baba alikuwa mtu wa Kipini na alinifundisha kusema maneno mpaka mwisho, siyo kuyameza kama watu wa bara. Nikasimama pale bandani nikasema, "Hii ni Amiri wa Miruko." Hawa akasema, "Chura." Loo! Haikufika adhuhuri kivuko kizima kinapiga kelele chura, chura, mle chura, chura amekuja. Muuza ndizi mmoja alijaribu kusema jina langu kwa kunihurumia, akafika "amiri wa..." na kete yake ikaliwa.

Ya pili iliniuma zaidi. Hiyo ilitembea kwa ubavu tu, kutoka ukingo mmoja wa ubao hadi mwingine, na ilikuwa na ruhusa ya kubeba kitunda mmoja na kumvusha. Mimi nikasema, "Msafirishaji Mkuu." Hawa akatazama kete, akatazama mtoni, pale baba yangu na wenzake walipokuwa wakivuta kamba ya feri na migongo yao inang'aa jasho. Akasema, "Baba mdogo." Kwake baba yangu alikuwa baba mdogo, ndiyo. Lakini ni baba yangu mimi! Watu wakaangua kicheko, na kuanzia hapo wazee wazima wenye mvi wakawa wanaambiana, "Msogeze baba mdogo, mbona baba mdogo amelala?" Baba aliposikia alikausha mikono kwenye shuka, akaja kujitazama kwenye ubao. Alifurahi kama aliyepandishwa cheo. Jioni ile mama alipika kambare kwa ndizi, na kichwa cha kambare, ambacho tangu niote meno kilikuwa changu, baba alikitia kwenye sahani ya Hawa. Nilikula ndizi zangu tupu.

Kisha mjomba akatoa ahadi. Alisema kete ya tatu ndiyo ya mwisho, na ikipata jina ataupeleka mchezo wote Kipini kwa yule mzee wake, akaone mpishi amefanya nini na masalia yake. Atashuka na mto kwa mtumbwi, na mtumbwi una nafasi ya mtu mmoja zaidi. "Yule ambaye jina lake litashika," alisema, "ndiye nitakayemchukua. Majina lazima yafike na mwenyewe."

Sijui kama nitaweza kukueleza vile nilivyoitaka safari ile. Nilikuwa sijaona bahari. Hawa naye hakuwa ameiona, lakini Hawa hakujali, yeye alikuwa na raha zake. Mimi ndiye niliyekuwa nikikaa ukingoni kila siku kutazama maji yakipita. Magogo yalipita, magugu yalipita, hata kuku aliyekufa alipita, wote wanakwenda Kipini, na mimi nimeshika ndoo. Bibi alikuwa amenisimulia mji wake wote, nyumba za mawe, chumvi inayobaki kwenye ngozi, wanawake wanaosuka mikeka wakitazama maji yasiyo na ng'ambo. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikinitesa. Nilitaka kuona maji yasiyo na ng'ambo.

Mjomba akaileta kete ya tatu. Ilikuwa ndefu, imelala chini, mgongo wake ameukwangua kwa ncha ya kisu ukawa na magamba. Mwendo wake ulikuwa pole sana, nyumba moja tu kila zamu. Lakini ikiwa ukingoni mwa ubao haikuliwa na mtu, na kutoka ukingoni ilikuwa na ruhusa ya kuchomoka ghafla nyumba tatu na kukamata. Safari hii sikuhitaji Kiswahili cha bibi. Jina lilikuwa limelala pale pale mbele ya macho yangu, na Hawa alikuwa ameinama, bado anaitazama. Nikajiambia, leo nimemshinda.

Hapo lazima nieleze jambo ambalo watoto wa leo hawalijui, maana wanapita juu ya daraja na madirisha wamefunga. Kwetu, ukiwa mahali ambapo macho yako yanaona mto, yule mnyama humtaji kwa jina. Nyumbani, shambani, shuleni, taja upendavyo. Lakini maji yakionekana, hapana. Mama alikuwa akisema, "Ukimwita atadhani una haja naye." Waliovuka na mitumbwi, waliochota maji, waliofua, wote walilishika hilo, Mpokomo, Mworma, Mgiriama aliyehamia juzi, bila kuandikiwa na serikali. Na mimi nililijua kama ninavyojua jina langu. Ila nilijiambia kwamba hii ni mti. Mti uliochongwa na mjomba, umepakwa mafuta ya nazi, nani atauogopa?

Nikasimama bandani, mto ule pale, nikasema kwa sauti yangu yote, "Huyu ni Mamba!"

Yarabi! Mama mmoja aliyekuwa akimwosha mtoto miguu alimnyakua mtoto juu kwa mkono mmoja. Mzee wa Kiorma aliyekuwa akivusha ng'ombe alitema mate pembeni na kusema maneno ya kwao ambayo sikuhitaji kutafsiriwa. Kwenye feri, katikati ya mto, baba yangu aligeuka na kamba mikononi, akapiga kelele, "Nani ametaja? Mtoto wa nani huyo?" Na aliyekuwa karibu naye akamwambia, "Wako."

Zamu ya Hawa ilipofika, akasema hana jina. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze, dada Hawa hakuwa na kitu! Aibu yangu ikayeyuka pale pale. Watu wakaanza kucheza, na mimi nikakaa nikisubiri. Kete ile ilikuwa tamu kucheza, hakuna aliyebisha. Ila kila ilipohitajika kutajwa, watu walikwepa. "Sogeza huyo." "Angalia, huyo wako ananijia." "Ah! Huyo amenila farasi!" Walikuwa wanaonyesha kwa kidevu. Jina langu walilijua wote, lilikuwa limekaa kwenye ndimi zao na hawathubutu kulitema. Niliwaona wakilimeza mmoja baada ya mwingine. Nikajifariji kwamba ni suala la muda, mchezo ukiwakolea watasahau maji na kulisema.

Jua lilipoanza kushuka mjomba akauliza, "Haya, hii wanaiitaje?" Nikafungua mdomo. Hawa akanitangulia, taratibu, bila hata kuinua uso.

"Mjomba, si wanaiita Huyo?"

Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu. Bandani wote wakacheka, wakarudia, "Huyo! Kweli bwana, ni Huyo!" Nilipiga mguu chini. Nikasema hilo si jina, hajalitunga, amelisikia tu kwa watu, na watu wanasema hivyo kwa sababu yangu, kwa sababu ya jina langu mimi! Bila Mamba wangu, huyo Huyo wake angetoka wapi? Mjomba akafuta machozi ya kicheko, akaniwekea mkono kichwani. "Mwanangu, unasema kweli yote," akaniambia. "Lakini umewasikia wanaiitaje."

Wakaondoka asubuhi, mjomba, ubao, kete na Hawa. Mama aliniita niende ukingoni nikamuage dada yangu. Nikasema nina sufuria za kusugua. Nilizisugua kwa mchanga mpaka mama akasema nitazitoboa. Walikaa huko siku nyingi, na kila siku nilitamani Kipini kunyeshe, bahari ichafuke, Hawa apatwe na homa ndogo, siyo ya kumuua, ya kumlaza tu ndani akitazama dari. Hakuna kilichompata. Alirudi amenenepa, ananuka halua, na ganda la konokono wa baharini amelitia kwenye upindo wa nguo. Mwalimu akamsimamisha mbele ya darasa asimulie. Akasema bahari ni kubwa. Basi! Msichana amepelekwa hadi Kipini, amerudi na neno moja, kubwa. Mimi ningewasimulia mpaka muhula ufungwe.

Maisha yakaenda. Mjomba Jilo alituacha, na watu wa kivukoni wakarudi kwenye bao na dama. Hawa aliolewa Kipini, bila shaka, wapi tena. Mimi niliolewa Kulesa, nikalima mpunga, nikazaa, nikazika. Bahari niliiona nikiwa na watoto watatu, siku moja, nimepeleka mgonjwa, na nilikuwa na haraka. Leo mjukuu wangu anapanda bodaboda asubuhi kwenda Kipini na jioni amesharudi. Nikamuuliza, bahari umeionaje? Akasema, "Iko tu sawa, nyanya." Iko tu sawa! Naye huyo nilimwonea wivu, na nikamnyima chai.

Majuzi Hawa alikuja Garsen kwenye arusi. Anatembea kwa mkongojo sasa, lakini hata mkongojo wake ni mzuri kuliko wangu. Tumekaa mkekani sisi wawili, yule mjukuu pembeni anacheza sataranji yake ya simu. Hawa akainama kutazama. Akauliza, "Mbona Mamba wako hayumo humu?"

"Mamba yupi?"

"Kete, Zena. Yule wa tatu wa mjomba."

Nikamwambia yule aliitwa Huyo, na aliyempa jina ni yeye. Akacheka kwa yale meno yake yaliyobaki. Akasema walipofika Kipini wale wazee waliuliza jina la kete, naye akawaambia Huyo. Wakacheka, wakasema huyo nani, binti? Wao walikuwa wanachezea barazani katikati ya mji, maji hayaonekani, hawana cha kuogopa. Wakataka jina lenyewe. Hawa akaona haya, akawapa langu. Na wazee wale wakalipenda. Wakachonga kete nyingine mfano wa ile, wakafundisha watoto wao, na pale mtaani kwake, mpaka mzee wa mwisho wa baraza ile alipofariki, kete ile iliitwa Mamba.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Mdogo wangu, nilidhani nilikuambia."

Miaka yote hiyo! Nimekaa sana na maneno hayo. Nawatazama watoto wa leo, kete zao zinatoka kiwandani zimeshapewa majina, hakuna anayegombana na ndugu yake, hakuna anayenyimwa kichwa cha kambare, na nasema wamepungukiwa, hata kama wao hawaoni. Sisi jina tulilitolea jasho. Langu liliingia Kipini kwa mdomo wa mtu mwingine. Likakaribishwa barazani na wazee wa kofia, likakaa nao kila alasiri kahawa ikipita, likazoea upepo wa chumvi na maji yasiyo na ng'ambo, likazeekea huko. Wivu wa Hawa nimeshauzoea, nimeishi nao kama mume. Huu mwingine ndio sijui nitaupeleka wapi uzeeni huku. Nalionea wivu jina nililolitoa mdomoni mwangu mwenyewe.